Kiingereza Rasmi Si Kiingereza Kizito



Wadogo zangu, wengi wenu mnakwama pale pale: Kiingereza mnakijua, mnachati nacho vizuri tu, lakini mkikaa kuandika barua ya kazi kalamu inagoma. Mnahisi kwamba lugha rasmi inadai maneno makubwa ambayo hamna. Leo tulimalize hilo. Lugha rasmi ni namna ya kumheshimu mtu usiyemzoea: unamwambia jambo likaeleweka mara moja, na unamwachia nafasi ya kukubali au kukataa.

Chukueni sentensi hii: "We've put off the meeting." Hiyo unamtumia rafiki kwa WhatsApp. Tangazo la ofisi litasema: "The meeting has been postponed." Angalieni kilichobadilika. "We've" imeondoka, kwa sababu maandishi rasmi hukwepa vifupisho. Ni "do not", si "don't". "Put off", kitenzi cha maneno mawili, kimepisha kitenzi kimoja, "postpone". Na "sisi" tulioahirisha hatuonekani tena. Mkutano ndio umetangulia. Ofisi hupenda kauli hiyo ya kutendwa kwa kuwa inaeleza tukio bila kumtaja mtu. Lakini mdogo wangu, kwenye barua ya kuomba kazi usijifiche nyuma yake. Andika "I trained", "I managed". Usipojitaja, mwajiri atajuaje kwamba kazi ile uliifanya wewe?

Maneno nayo yana historia. Mwaka 1066 Wanormani walitoka Ufaransa wakaitwaa Uingereza, na kwa miaka mingi Kifaransa na Kilatini vikatawala ikulu, mahakama na kanisa. Ndiyo maana hadi leo Kiingereza kina jozi kama "buy" na "purchase", "begin" na "commence", "help" na "assist". La kwanza ni la nyumbani, la pili lilikuja na watawala, na bado linanukia ofisi. Hapo ndipo wengi huteleza, wakadhani kila neno la kawaida ni kosa. Waingereza wenyewe walichoshwa na uzito huo: mwaka 1948 Ernest Gowers, kwa ombi la Hazina ya Uingereza, alitoa kitabu *Plain Words* kuwafundisha watumishi wa serikali kuandika kwa lugha nyepesi. Kwa hiyo neno "begin" halijamkosea mtu adabu. Likikutosha, litumie.

Panapotuumiza zaidi sisi ni kwenye kuomba. Kiswahili kikisema "naomba unisaidie", adabu imeshatimia. Kiingereza hupitisha adabu kwenye swali na vitenzi visaidizi: "Could you send me the form?" au "I would be grateful if you could send me the form." Ukiandika "Send me the form", hata ukiongeza "please", bado kuna harufu ya amri. Vivyo hivyo ile "Refer to the heading above" tunayoipenda kufungulia barua. Inalingana na "husika na kichwa cha habari hapo juu", na kwa Kiingereza ni kumwamuru bosi ambaye bado hajakuajiri! Ingia moja kwa moja: "I am writing to apply for", kisha taja nafasi yenyewe.

Mwisho wa barua, shikeni desturi ya Kiingereza cha Uingereza: ukianza na "Dear Sir or Madam", funga kwa "Yours faithfully", ukianza na jina la ukoo la mtu, funga kwa "Yours sincerely".

Kwenye usaili sheria zinalegea kidogo. Mdomoni, "I'm" na "I've" hazina ubaya. Ukizikwepa zote utasikika kama unasoma tangazo. Urasmi wa kuzungumza unakaa kwingine: sentensi unazozimaliza, mwendo wa taratibu, "yes" badala ya "yeah", na kumwita msaili kwa cheo na jina la ukoo hadi mwenyewe akuruhusu vinginevyo. Hujasikia swali? Usiseme "What?" Sema "Could you repeat the question, please?" Ukihitaji kufikiri, sema "May I think about that for a moment?" Hakuna msaili mwenye busara atakayekuhukumu kwa hilo, ataona mtu anayejiheshimu.

Sasa kazi yenu. Toeni barua mliyoandika mwisho, isomeni kwa sauti. Kila kifupisho, kiandikeni kamili. Kila amri, igeuzeni ombi. Kila neno ambalo usingeweza kulieleza ukiulizwa kwenye usaili, lifute uweke unalolijua. Kitakachobaki ni barua rasmi, na ni yako kweli. Itume.