Somo: Wastani wa Mvua Unaweza Kukupotosha

Mwanafunzi, chukua daftari. Tuseme kipimamvua cha shule yenu kimerekodi mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, kwa miaka mitano: milimita 180, 210, 190, 620 na 200. Jumla ni 1,400. Gawanya kwa 5. Wastani ni 280.

Sasa zipange kuanzia ndogo hadi kubwa: 180, 190, 200, 210, 620. Nambari ya katikati ni 200.

Hesabu zote mbili ni sahihi, lakini misimu minne kati ya mitano haikufikia 280. Mwaka mmoja wa mafuriko, kama ule wa El Niño wa 1997, umeuvuta wastani juu. Mkulima akipanda mbegu inayohitaji milimita 280, itakosa maji misimu minne, na wa tano huenda ikasombwa.

Hata hivyo, usiifute 620. Hiyo ni tahadhari kwa wanaoishi kando ya mito.

Miaka mitano pia ni michache. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia miaka 30, kwa sasa 1991 hadi 2020. Kwa hivyo, pimeni kila siku saa tatu asubuhi, na mtunze daftari hilo.