Una Viza, Unataka Nyumba Uingereza? Vidokezo 9 vya Kupata Mkopo

Kodi ya nyumba inameza mshahara, miaka inakwenda, na kila ukigusia habari ya kununua nyumba yako, hakosekani mtu wa kukukatisha tamaa: "Huna makazi ya kudumu, benki gani itakukopesha?" Zipo. Hakuna sheria inayomkataza mwenye viza ya kazi kukopa na kununua nyumba Uingereza. Kila benki ina masharti yake, na anayeyajua mapema huokoa maelfu ya pauni. Jipange hivi.

1. Jiandikishe kupiga kura

Wengi hawajui kwamba raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali anaruhusiwa kupiga kura huko. Mkenya, Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda wote wamo. Kujiandikisha ni bure. Faida yake kwako ni kwamba Experian, Equifax na TransUnion, kampuni zinazotunza rekodi za mikopo, hutumia daftari la wapiga kura kuthibitisha anwani yako. Mrundi na Mkongo hawamo katika Jumuiya ya Madola, kwa hiyo wao wakazanie zaidi kidokezo kinachofuata.

2. Jenga jina upya

Hata kama ulilipa mikopo yako yote Nairobi au Dar bila kuchelewa, rekodi hiyo haivuki bahari. Unaanza sifuri. Mkataba wa simu na bili ya umeme viwe kwa jina lako. Chukua kadi ndogo ya mkopo, inunulie chakula tu, na ulipe deni lote kila mwezi. Usipeleke maombi benki tano kwa wiki moja, kwa sababu kila ombi kamili huacha alama kwenye rekodi yako.

3. Hesabu miezi iliyobaki kwenye viza

Baadhi ya benki hutaka viza iwe imebakiza mwaka mmoja au zaidi, na nyingine hutaka uwe umeishi nchini kwa muda fulani. Kama yako inakaribia kwisha, ihuishe kwanza ndipo uombe. Kumbuka pia kwamba viza sasa ni za kidijitali. Hakikisha akaunti yako ya viza imeunganishwa na pasipoti unayotumia leo, hasa kama ulibadilisha pasipoti hivi karibuni.

4. Usikubali jibu la benki ya kwanza

Raia anaweza kununua kwa malipo ya awali ya asilimia 5 au 10. Mwenye viza ataambiwa asilimia 10 hapa na 25 pale. Kwa nyumba ya pauni 250,000, hiyo ni tofauti ya pauni 25,000 na pauni 62,500! Ndiyo maana wakala wa mikopo ya nyumba anayefahamu masharti ya benki nyingi ana thamani kubwa kwako. Muulize mapema ada yake na kama amewahi kuhudumia wenye viza, kisha hakikisha jina lake limo kwenye orodha ya FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha.

5. Pesa za chama ziwe na karatasi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria dhidi ya utakatishaji wa fedha zinamlazimu wakili wako kuuliza pesa za kununulia zimetoka wapi. Pauni 8,000 zilizoingia juzi kutoka kwa watu kumi na wawili zitazua maswali, hata kama ni zamu yako halali ya kupokea pesa za chama. Tunza rekodi za michango yako ya kila mwezi na uombe barua ya viongozi wa chama.

Baba au dada akikuchangia, aandike kwamba ni zawadi, si mkopo, na kwamba hadai haki yoyote katika nyumba hiyo. Aambatishe taarifa za benki yake. Zawadi ya mzazi au ndugu wa tumbo moja hupita kwa urahisi kuliko ya rafiki. Pesa zote ziingie kwenye akaunti yako miezi kadhaa kabla ya kuomba.

6. Itaje nyumba uliyojenga nyumbani

Wengi wetu tulijenga nyumbani kwanza. Pale Kitengela au Kibaha kuna nyumba yenye jina lako, nayo inagusa ushuru wa stempu utakaolipa Uingereza. Mnunuzi wa mara ya kwanza katika England na Ireland ya Kaskazini halipi ushuru huo kwa nyumba isiyozidi pauni 300,000. Lakini huyo ni mtu ambaye hajawahi kumiliki nyumba popote duniani, hata ya urithi.

Chukua nyumba ile ile ya pauni 250,000. Asiyewahi kumiliki nyumba halipi kitu. Aliyewahi kumiliki akauza hulipa pauni 2,500. Ambaye bado ana nyumba yenye thamani ya pauni 40,000 au zaidi huongezewa asilimia 5 ya bei yote, na jumla inafika pauni 15,000. Nyumba ya mume au mke wako nayo huhesabiwa. Mweleze wakili wako kila kitu kabla hujataja bei kwa muuzaji. Scotland na Wales zina viwango vyao.

7. Pitia matumizi yako kwa jicho la benki

Kwa kawaida benki hukopesha hadi mara nne na nusu ya mapato ya mwaka. Mshahara wa pauni 35,000 unakupa takriban pauni 157,500. Malipo ya zamu za ziada huenda yakahesabiwa nusu tu, kwa hiyo tunza hati za mshahara za mwaka mzima. Pesa unazomtumia mama kila mwezi zitaonekana pia. Usizifiche, zipangie kiasi kimoja kisichobadilika, benki ione kwamba unazimudu.

8. Kama riba inakukwaza, ipo njia

Benki za Kiislamu nchini Uingereza hutumia mpango wa ubia. Benki na wewe mnanunua nyumba pamoja, unalipa kodi kwa sehemu ya benki, na kila mwezi unanunua kipande chake mpaka nyumba iwe yako yote. Mipango hii nayo husimamiwa na FCA. Linganisha gharama zake na za mkopo wa kawaida kabla ya kutia saini.

9. Weka akiba ya miezi sita

Mwajiri akiacha kukudhamini, kwa kawaida hubakiwa na siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Kumiliki nyumba hakukupi ukaazi, na benki itaendelea kudai malipo yake. Kwa hiyo usimalize kila senti kwenye malipo ya awali. Tenga malipo ya miezi sita na usiyaguse, hata kama itakubidi kungoja mwaka mmoja zaidi au kuchagua nyumba ndogo. Nyumba unayoweza kuilipia ukiwa huna kazi kwa miezi kadhaa ndiyo itakayokupa usingizi.