SOMO LA HESABU: Kutafuta ekwasio ya mstari kwa mteremko na pointi moja

Jioni, wakati wa kusimamia masomo, tuliangalia makaye ya wadogo wetu. Kosa lilikuwa lile lile karibu kwa wote, nasi pia tulilifanya zamani. Ndiyo maana tunaandika.

Wengi wamekariri: y - b = m(x - a). Wanaijua kama wimbo, lakini hawajui inatoka wapi. Mteremko m ni nini? Ni kusema: ukienda hatua moja kuelekea kuume, mstari unapanda au unashuka kiasi gani. Kwa mstari ulionyoka, mteremko haubadiliki popote. Basi, tuko na pointi (a, b). Tuchukue pointi nyingine yoyote ya mstari ule, (x, y). Kupanda ni y - b, kwenda ni x - a. Gawanya kupanda kwa kwenda, unapata m. Fomula yote iko pale.

Mfano wa kwanza: m = 3, pointi (-2, 5). Wengi waliandika y - 5 = 3(x - 2), wakapata y = 3x - 1. Hapana! Kutoa -2 ni kuongeza 2:

y - 5 = 3(x + 2)
y = 3x + 6 + 5
y = 3x + 11

Kiisha, jaribu. Weka -2 mahali pa x: -6 + 11 = 5. Ni sawa. Kwa jibu la kosa unapata -7. Kujaribu hakumalizi hata dakika moja. Na kwa Egzamini ya Serikali, ambako tunachagua jibu kati ya yale yaliyoandikwa, jibu la kosa linaweza kuwa pale linakungoja.

Mfano wa pili: pipa la jikoni linavuja lita 20 kila saa. Baada ya saa 3 zimebaki lita 140. Maji yanapunguka, basi m = -20, pointi ni (3, 140):

y - 140 = -20(x - 3)
y = -20x + 200

Kumbe mwanzoni pipa lilikuwa na lita 200, na baada ya saa 10 wapishi hawatakuta kitu.

Angalisho: mstari uliosimama wima hauna mteremko, kwa sababu kwenda ni 0, na hakuna kugawanya kwa 0. Tunaandika tu x = a.

Zoezi: m = 1/2, pointi (4, -1). Ukipata y = x/2 - 3, umeelewa. Usipopata, usione haya. Kuja utuone mbele ya masomo ya jioni, na kaye yako mkononi.

Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho