Njia ya Mlimani Hubebwa na Maji: Somo kwa Wanaojitolea Kuitengeneza



Njia za miguu katika Milima ya Taita zina watumiaji wengi. Kuna mgeni anayepanda Vuria, kilele chenye mita 2,208 ambacho ndicho kirefu kuliko vyote milimani kwetu. Kuna mwanafunzi anayekatiza kilima kwenda shule, mama mwenye mzigo wa kuni, na askari wa misitu anayepiga doria. Nyingi ya njia hizi hazifikiki kwa trekta. Zikiharibika, hutengenezwa kwa mikono, na mara nyingi mikono hiyo ni ya watu waliojitolea.

Kujitolea bila ujuzi kunaweza kuongeza madhara. Somo hili linaeleza njia inavyoharibika, kazi nne za kuitengeneza, na mambo ya kuzingatia kabla ya kuinua jembe.

NJIA HUHARIBIKAJE?

Wengi hudhani njia huharibiwa na miguu ya watu. Miguu huanza tu uharibifu: hushindilia udongo na kuua nyasi. Anayemaliza kazi ni maji. Njia iliyokanyagwa sana hushuka chini kuliko kingo zake, nayo hugeuka kuwa mfereji. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba zinapofika, maji hufuata mfereji huo. Kadiri yanavyoteremka ndivyo yanavyoongeza kasi, na kadiri yanavyoongeza kasi ndivyo yanavyobeba udongo mwingi zaidi. Hubaki mawe na mizizi.

Mpita njia akiona utelezi au shimo, hukanyaga pembeni. Wa pili humfuata. Baada ya misimu michache njia ya mita moja imekuwa ya mita nne, na mimea iliyokuwa hapo imekufa.

Hasara hiyo haikomei njiani. Udongo uliobebwa huishia kwenye chemchemi na vijito tunavyoteka maji, na Mto Voi wenyewe huanzia katika milima hii. Isitoshe, misitu ya asili iliyobaki, kama Ngangao, Mbololo na Chawia, ni vipande vidogo. Humo huishi ndege mdogo aitwaye apalisi wa Taita, ambaye hapatikani penginepo duniani na yumo hatarini kabisa kutoweka. Kila mita ya msitu inayogeuzwa kuwa tope ni makao yaliyopotea.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mtaro ulioziba huzibuliwa kwa dakika chache. Korongo lililozaliwa na mtaro huohuo huhitaji watu wengi, mawe mengi na siku nyingi.

KANUNI YA KUKUMBUKA

Mkulima wa mlimani tayari ana nusu ya ujuzi huu. Anajua kupima kontua na kuchimba matuta ya fanya juu. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Shambani tunataka maji yakae ili yazame. Njiani tunataka maji yatoke mapema, yakiwa bado machache na hayajapata nguvu. Afadhali yatolewe kidogo kidogo mahali kumi kuliko yote kwa pamoja mahali pamoja.

KAZI NNE ZA MSINGI

1. Kuzibua mitaro. Ondoa majani, matope na matawi kwenye mitaro na matoleo ya maji. Udongo unaotoa usiurundike ukingoni, kwa maana mvua itaurudisha. Kazi hii ni nyepesi, hata wazee na vijana wadogo wanaiweza, na ndiyo inayookoa njia nyingi zaidi.

2. Kuinamisha njia kuelekea bondeni. Katika njia inayopita ubavuni mwa mlima, ukingo wa upande wa bonde uwe chini kidogo kuliko ule wa juu: takriban sentimita 5 kwa kila mita ya upana. Ukikuta tuta la udongo limejijenga ukingoni, livunje, kwa kuwa ndilo linalofungia maji njiani.

3. Kuweka kikinga maji. Hili ni gogo au mstari wa mawe unaolazwa kukata njia ili kuyageuza maji pembeni. Usilaze gogo moja kwa moja toka ukingo hadi ukingo. Lilaze kimshazari, karibu nyuzi 45, mwisho wa chini ukielekea bondeni. Chimba mtaro mdogo, zika gogo hadi thuluthi mbili zake ziwe ardhini, na ncha zipite kingo zote mbili za njia. Shindilia udongo vizuri upande wa chini. Kisha mwaga debe la maji juu yake. Yakituama au kuruka gogo, rekebisha kabla hujaondoka. Njia ikiwa kali zaidi, vikinga maji viwe karibukaribu zaidi.

4. Kufunga njia za mkato. Jiulize kwanza kwa nini watu wanakata kona. Mara nyingi ni kwa sababu njia halali ina matope. Tengeneza hiyo kwanza, kisha funga ya mkato kwa matawi makavu na mawe, mwanzoni na mwishoni, hadi miche ya asili ishike. Ukifunga ya mkato huku halali haipitiki, vizuizi vyako vitaondolewa wiki hiyohiyo.

Ikilazimu kuhamisha kipande cha njia, fuata kanuni ya nusu: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa mlima wenyewe. Ikiwa mlima hupanda mita 40 kwa kila mita 100, njia isipande zaidi ya mita 20. Mita 10 ni bora zaidi. Njia inayopanda wima ni mfereji unaosubiri mvua.

KIBALI KWANZA

Usichimbe wala kukata chochote bila ruhusa. Katika msitu wa umma, ruhusa hutoka kwa Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS). Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inawapa wananchi nafasi ya kushiriki kupitia vyama vya jamii vya misitu, hivyo kundi lako lishirikiane na chama cha eneo lake. Njia ikipita katika shamba la mtu, zungumza na mwenye shamba.

Magogo yawe yale yaliyoidhinishwa na afisa wa msitu. Mawe pia yachaguliwe kwa uangalifu: usiondoe jiwe lenye kuvu au mimea kivulini. Katika miamba ya Mbololo humea ua dogo la zambarau, Saintpaulia teitensis, ambalo asili yake ni milima hii tu.

VIFAA NA USALAMA

Jembe, fork jembe, beleshi, sururu, mtaimbo, panga na karai vinatosha. Vaa viatu vigumu au gambuti, na glovu. Anayetumia jembe au sururu akae mbali na mwenzake angalau mita tatu. Panga na jembe vibebwe mkononi, makali yakitazama chini, wala visiwekwe begani. Jiwe likisukumwa, asiwepo mtu upande wa bonde. Kila kundi liwe na sanduku la huduma ya kwanza na mtu anayejua kulitumia. Maji ya kunywa yabebwe katika chupa za kutumika tena: tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga za kitaifa, misitu na maeneo mengine yaliyohifadhiwa.

WAKATI UFAAO

Februari na Septemba, kabla ya misimu ya mvua, ni miezi mizuri ya kuzibua mitaro. Mvua ikianza, pita njiani mara moja palipo salama na utazame maji yanaingilia wapi na kutokea wapi. Weka alama. Matembezi hayo yatakufundisha mengi kuliko ramani. Epuka kuchimba udongo ukiwa tope, kwa kuwa haushindiliki, na uondoke kwenye miteremko mikali mvua inapokuwa kubwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KUNDI

• Katika njia tunayoitumia, maji huingia wapi, na mahali pa kwanza pa kuyatoa ni wapi?
• Njia ya mkato iliyo karibu nasi ilianzaje? Ni kasoro gani ya njia halali iliyowasukuma watu huko?
• Baada ya kazi, nani atarudi kukagua kila kikinga maji, na baada ya mvua ngapi?

Andikeni majibu pamoja na orodha ya mahali palipoharibika, kisha muwasilishe katika ofisi ya wadi yenu au kituo cha msitu kilicho karibu. Orodha hiyo ndiyo itakayoonyesha kazi ianzie wapi.