Anayekoroma hajisikii: Jifunze kutambua kukatika kwa pumzi usingizini

Katika nyumba nyingi, anayekoroma huchekwa asubuhi na mambo yakaishia hapo. Wapo wanaoamini kuwa mkoromo ni dalili ya kulala fofofo. Lakini mkoromo unapokatika ghafla, kukawa kimya, kisha mtu akashtuka akihema kana kwamba ameibuka kutoka majini, hilo si jambo la kuchekwa. Huenda ni ugonjwa unaoitwa apnia ya usingizi, nao una matibabu.

Kinachotokea mtu anapolala

Usingizini, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu, hulegea kiasi cha kuziba njia ya hewa. Pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni hupungua katika damu, na ubongo humgutusha mtu ili avute hewa. Hulala tena papo hapo na asubuhi hakumbuki lolote. Hali hii ikijirudia mara 5 au zaidi kwa saa, na mtu ana dalili nyingine, huhesabiwa kuwa ugonjwa. Ikifika mara 30 kwa saa, yaani kila baada ya dakika mbili, ugonjwa umekuwa mkali.

Dalili za kuangalia

Usiku:
- kukoroma kwa sauti kubwa karibu kila siku;
- pumzi kukatika, au kushtuka kana kwamba mtu anakabwa;
- kuamka mara nyingi kwenda haja ndogo.

Mchana:
- kuamka na uchovu, kinywa kikavu au maumivu ya kichwa;
- kusinzia kazini, kanisani, msikitini au ndani ya matatu;
- kusahau na kukasirika upesi.

Walio katika hatari zaidi ni watu wenye uzito mkubwa au shingo nene, wanaume, na wanawake waliokoma hedhi. Hata hivyo, mtu mwembamba pia anaweza kuugua. Kwa watoto, chanzo cha kawaida ni tonsili zilizovimba. Mtoto anayekoroma kila usiku, kulala mdomo wazi na kushindwa kutulia darasani apelekwe kupimwa kabla ya kuitwa mtundu.

Kwa nini usipuuze

Ugonjwa huu huongeza hatari ya shinikizo la damu, maradhi ya moyo na kiharusi. Mgonjwa anayemeza dawa za presha inavyotakiwa na bado presha haishuki anafaa kumweleza daktari jinsi anavyolala. Dereva wa matatu, lori au bodaboda anayesinzia akiwa barabarani huhatarisha maisha yake na ya wengine.

Hatua za kuchukua

1. Muulize unayelala naye chumba kimoja kama pumzi zako hukatika. Anayelala peke yake anaweza kujirekodi kwa simu.
2. Nenda kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ukiweza, nenda na aliyekusikia, kwa kuwa yeye ndiye shahidi.
3. Omba upimwe presha, sukari na uzito. Mhudumu akiona dalili, atakupa rufaa ya hospitali kubwa yenye daktari wa masikio, pua na koo au wa mapafu. Kipimo chenyewe hufanywa ukiwa umelala, ukiwa umefungwa vifaa vinavyorekodi pumzi na oksijeni.
4. Uliza mapema kuhusu gharama, na kama SHA italipia.

Matibabu

Kwa ugonjwa usio mkali, kupunguza uzito, kulala kwa ubavu na kuacha pombe jioni husaidia. Dawa za usingizi zisimezwe bila ushauri wa daktari, maana hulegeza koo zaidi. Kwa ugonjwa mkali, mgonjwa hulala amevaa barakoa iliyounganishwa na mashine inayosukuma hewa ili koo lisizibe. Watoto wengi hupata nafuu baada ya kuondolewa tonsili.

Mgonjwa wa presha asiache dawa zake anaposubiri kipimo. Dereva anayesinzia asiendeshe gari hadi atibiwe. Na yeyote anayesubiri upasuaji amweleze daktari wa nusukaputi, kabla ya kulazwa usingizi, kwamba pumzi zake hukatika usiku.