Je, Nabii Isa Alikuwapo? Somo la Dalili na Ushahidi

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Jua ya kwamba majadiliano ya dini si jambo geni katika mji wa Dar es Salaam. Katika miaka ya 1980 wahubiri wa Kiislamu, na mashuhuri katika wao Musa Fundi Ngariba na Mohamed Ali Kawemba, walisimama mbele ya watu na Biblia mikononi wakijadiliana na Wakristo. Na mwaka 1987 wawili hao wakatoa kitabu chao, Uislamu katika Biblia. Mzozo ulikuwa juu ya cheo cha Nabii Isa bin Maryamu: ni Mtume au ni Mungu? Ama kuwapo kwake, pande zote mbili zilikubali.

Lakini iko kauli nyingine, itokayo Ulaya, isemayo kwamba Isa hakuwapo kabisa. Aliisema Bruno Bauer, Mjerumani wa karne ya 19, na Arthur Drews akaifuata mwaka 1909. Kijana wa Kariakoo akiisikia aweza kudhani amepata silaha ya kumnyamazisha Mkristo. Na ajihadhari, kwani hicho ni kisu kisicho na mpini, humkata akishikaye. Kuwaamini Mitume wote ni nguzo ya imani, na Sura ya 19 ya Kurani imeitwa kwa jina la mama yake Isa. Amkanushaye Isa hakumshinda Mkristo. Amebomoa nyumba yake mwenyewe.

Akisema msemaji: Hapana hati ya siku za uhai wake imtajayo. Hujibiwa: Kutoandikwa si kutokuwapo, na dalili iko Kariakoo penyewe. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, mahali Wajerumani walipopakusudia soko pakafanywa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps. Na kwa ulimi wa wenyeji pakaitwa Kariakoo. Wapagazi walikufa kwa maelfu katika vita vile, wengi kwa maradhi, na wengi hawajulikani majina. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927 yawakumbuka pasi na kuwataja mmoja mmoja. Je, yuko mwenye akili asemaye kwamba hawakuwapo? Basi mtu wa Galilaya asiye na jeshi wala mali, ni ajabu gani makarani wa Roma wasimwandike katika siku zake?

Na juu ya hayo, ushahidi uko. Paulo, katika barua yake kwa Wagalatia, iliyoandikwa kadiri ya miaka 20 hivi baada ya Isa, asema alionana na Yakobo, aitwaye nduguye Isa. Josephus, Myahudi, kadiri ya mwaka 93 amtaja Yakobo huyo huyo. Maneno mengine ya Josephus juu ya Isa yameingiwa na mkono wa wanakili wa Kikristo, na wanavyuoni wamekwisha kuyapambanua. Tacitus, Mrumi aliyewadharau Wakristo, alimtaja kadiri ya mwaka 116. Na adui hashuhudii kwa mapenzi. Mwaka 2012 Bart Ehrman wa Marekani, asiye Mkristo wala Muislamu, alitunga kitabu kizima kuthibitisha kwamba Isa alikuwapo, na hiyo ndiyo kauli ya wengi wa wanatarikhi.

Akisema: Tacitus asimulia kwamba aliuawa, na Kurani yakanusha. Hujibiwa: Hayo ni mambo mawili. Tarikhi husimulia yaliyoonekana na kusikiwa na watu, na Sura ya 4 imeeleza kwamba walifananishiwa. Kumkubali shahidi juu ya kuwapo kwa mtu si kulikubali kila alilolisimulia.

Tena yapasa kujua kwamba shoka hilo hilo limekwisha kuinuliwa juu ya Mtume Muhammad (S.A.W.). Katika miaka ya 1930 Klimovich, mwandishi wa Urusi, alidai kwamba naye hakuwapo. Lakini kasisi Mkristo aliyeandika kwa Kisuryani kadiri ya mwaka 640 awataja Waarabu wa Muhammad. Na Patricia Crone, aliyesifika kwa kuitilia shaka tarikhi ya Waislamu, alikiri kwamba kuwapo kwake hakuna shaka.

Basi mwenye kupima na apime kwa mizani moja, kwake na kwa mwenziwe. Asiyeridhia Mtume wake akanushwe kwa sababu ya ukimya wa hati, asimkanushe Isa kwa sababu hiyo. Ashindane juu ya lile linaloshindaniwa, nalo ni cheo, kwa hoja njema na ulimi mzuri.

Wabillahi ttaufiki.