Unatoa injini ya dizeli uweke mota? Pima puli kwanza

Somo la leo ni la wenye mashine za kukoboa mpunga, hasa zile za zamani zinazoendeshwa na injini ya dizeli. Mimi nina duka dogo la spea hapa Matema, nauza mikanda, beringi na puli. Kila msimu napata wateja wanaotaka kutoa injini na kufunga mota ya umeme. Wazo ni zuri, unaachana na kubeba madumu ya dizeli. Shida ni kwamba wengi wananunua mota kwanza, hesabu wanafanya baadaye, wakati mashine imeshaanza kuvunja mchele.

Na hapo ndo biashara inapofia. Mchele wa Kyela unapendwa kwa harufu yake, lakini mnunuzi anataka punje nzima. Chenga bei yake iko chini. Mkulima akiona gunia lake limetoka chenga wala hagombani na wewe, safari ijayo anapeleka mpunga kwa jirani yako.

1. Nguvu na mwendo ni vitu viwili tofauti
Watu wanauliza "mota ya hosi pawa ngapi?" basi. Hosi pawa inakwambia mota itavuta mzigo kiasi gani. Haikwambii inazunguka mara ngapi. Soma kibao kilichobandikwa kwenye mota. Kwa umeme wetu, mota nyingi zinazunguka kama mara 1440 kwa dakika, nyingine kama 2880. Zote zinaweza kuwa na hosi pawa sawa na kwa macho zikafanana. Usije ukauziwa yoyote iliyopo dukani.

2. Hesabu yenyewe
Mizunguko ya mota × kipenyo cha puli ya mota ÷ kipenyo cha puli ya mashine = mizunguko ya mashine.

Tuseme injini yako ilizunguka 2200, puli yake inchi 5, na puli ya mashine inchi 12. 2200 × 5 ÷ 12 ni kama 917. Huo ndo mwendo ambao mashine yako imeuzoea.

Sasa weka mota ya 1440 ukiacha puli ileile ya inchi 5: 1440 × 5 ÷ 12 = 600. Mashine inakuwa nzito, mpunga unatoka haujakobolewa vizuri, inabidi urudie.

Ukikimbilia mota ya 2880 na puli hiyohiyo: 2880 × 5 ÷ 12 = 1200. Mashine inapiga kelele, mchele unatoka wa moto, chenga zinajaa, na beringi za zamani hazikai.

Jibu halikuwa kubadilisha mota. Chukua ile ya 1440, uweke puli ya inchi 7 na nusu: 1440 × 7.5 ÷ 12 = 900. Umerudi karibu kabisa na mwendo wa zamani. Puli bei yake ni ndogo ukilinganisha na mota, kwa hiyo anza na puli. Kama mashine yako ina kibao kinachotaja mizunguko, fuata kibao.

3. Mkanda
Mikanda ya V ina saizi. A ina upana wa milimita 13, B 17, C 22. Mkanda lazima ulingane na mfereji wa puli. Unashika kwa ubavu, kwa hiyo ukiona umezama hadi chini ya mfereji, umeisha au sio saizi yake, na utateleza. Kama puli ina mikanda mitatu, badilisha yote mitatu kwa pamoja. Ukichanganya mpya na wa zamani, mpya ndo unabeba mzigo wote na unakatika mapema.

Kabla ya kukaza, vuta uzi kutoka puli moja hadi nyingine. Uzi uguse nyuso zote mbili bila kupinda. Puli zisiponyooka, mkanda unalika upande mmoja.

4. Umeme
Uliza kwanza una laini ya fazi moja au fazi tatu, ndipo ununue mota. Ya fazi tatu kwenye laini ya fazi moja haitafanya kazi hivihivi. Na kwenye fazi tatu, fazi moja ikikatika mashine ikiwa kazini, mota inaweza kuungua. Kwa hiyo usikwepe gharama ya starta yenye kinga.

Mota ijaribiwe kabla mkanda haujavalishwa. Ikizunguka kinyume, fundi umeme abadilishane nyaya mbili kati ya zile tatu, itageuka. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni, sio ya kujaribujaribu.

5. Kava
Injini ikitoka, kava ya mkanda nayo huwa inatupwa. Irudishe. Kina mama wanasimama pale wakiwa na khanga, na watoto wanachezea pumba karibu.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, pima puli zako mbili kwa futi, andika mizunguko ya injini yako, nenda dukani na karatasi hiyo mkononi. Muuzaji akikwambia "hii inafaa tu", mwombe akupigie hesabu mbele yako. Akishindwa, nenda duka lingine.